Mkono wa Wifi

Mkono wa Adeltruda ulipopanda juu, kanisa zima liliangalia mkono. Winifrida peke yake aliangalia kwapa. Blauzi ilikuwa yake. Ile ya maua ya zambarau, aliyoinunua Mtaa wa Kongo baada ya kubishana na muuzaji mpaka muuzaji akamwomba aondoke nayo tu. Leo ilikuwa imeazimwa bila kuombwa, imefumuka kwapani, inapepea mbele za Bwana.

"Ameinua! Ameinua!" mchungaji alipaza sauti kwenye maiki. "Yehova Rafa! Semeni Yehova Rafa!"

"Yehova Rafa!" watu wakaitika, na viti vya plastiki vikaanza kuanguka. Kanisa lao lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya maduka ya mabegi pale Kariakoo, na siku Roho akishuka wenye maduka huko chini hutazama dari zao kwa wasiwasi.

Winifrida naye aliitika. Aliitika kwa sababu mama aliyekaa pembeni alikuwa anamkodolea macho. Lakini moyoni alikuwa na maneno mengine kabisa, na hayakuwa ya Kiebrania.

Maana mkono mbovu haukuwa wa Adeltruda peke yake. Nyumba yao ilikuwa na mikono miwili mibovu, yote ya kulia. Winifrida na wifi yake walikuwa wasusi, saluni moja, viti vimepakana, miaka na miaka wanasimama mikono hewani juu ya vichwa vya watu. Bega lililoanza kukaza ni la Winifrida. Likakaza mpaka mkono ukawa hauvuki kifua. La Adeltruda likafuata baadaye, na Winifrida hakushangaa. Huyo mdogo wake Evaristi, mumewe Winifrida, tangu ahamie kwao alikuwa anaiga kila kitu, kuanzia mapazia mpaka namna ya kuunga mchicha. Sasa akaiga na ugonjwa.

Na huyu mwigaji, aliyekuja na ugonjwa wa kunakili, ndiye aliyepona wa kwanza!

Waumini walimzunguka, wakamshika bega, wakamwambia apandishe tena. Akapandisha. Wakamwambia apandishe na kurukaruka. Akapandisha na kurukaruka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na katikati ya machozi alikuwa anamtafuta wifi yake kwa macho. Winifrida aliinama, akajifanya anatafuta kiatu.

*

Nyumbani Buguruni, Evaristi alirudi na kuku mzima wa kukaanga na soda za chupa kubwa. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa kupima kila kitu kwa futi na inchi, na kuku mzima alikuwa hajawahi kuingia kwenye vipimo vyake bila sikukuu.

"Mungu ametenda kwenye nyumba hii!" alisema, akaweka mfuko mezani. "Dada yangu, hebu inua tena nione."

"Kaka jamani, nimeshainua mara ngapi."

"Inua tu. Na mimi nina haki ya kuona, si ni damu yangu?"

Adeltruda akainua. Kwa kuwa mkono ulikuwa tayari huko juu, akateremsha na sahani za vioo zilizokaa juu ya kabati. Sahani zile zilikuwa hazijashushwa tangu mabega ya nyumba ile yagome.

"Wini, unaona?" Evaristi alisema huku anacheka. "Sahani zimeshuka!"

"Nimeziona. Zina vumbi."

"Mke wangu, mbona hufurahi?"

"Nimefurahi. Unataka nifurahi mpaka nipasuke?"

Alichukua paja la kuku kwa mkono wa kushoto. Mpaka jana yake walikuwa wawili wa kushoto. Asubuhi walikuwa wakisaidiana kuvaa, huyu anafunga sidiria ya yule, yule anamvuta huyu zipu, kwa mikono miwili ya kushoto anapatikana mtu mzima mmoja, na walikuwa wakicheka mpaka Evaristi anagonga mlango kuuliza kulikoni. Leo mmoja alikuwa amehitimu. Amemwacha mwenzake darasani.

"Wifi," Adeltruda alisema taratibu, "yale mazoezi uliyopewa hospitali, si nikusaidie mimi? Nina mkono sasa."

Mazoezi yenyewe alipewa kule Upanga na mtaalamu wa viungo, kijana wa Kihindi anayeitwa Jeet, mpole, anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alimwambia: dada, bega limeganda. Halitaki nguvu, linataka kila siku. Mtu akushike kiwiko, akupandishe taratibu mpaka pale panapouma, mngoje hapo, kisha ashushe. Kila siku, miezi. Evaristi alijaribu, lakini alivuta kama anafungua geti lililoshika kutu, na majirani walikuja kuuliza nani anapigwa.

"Sihitaji," Winifrida alisema.

"Lakini Jeet alisema..."

"Wewe Jeet alikushika? Si umepona bila Jeet? Na mimi nitapona hivyo hivyo. Kwani Mungu ana dirisha la wagonjwa wa mazoezi na dirisha la watu wake?"

Evaristi akaacha kutafuna. "Wini, kupona ni kupona."

"Hapana. Kuna kupona kwa dukani, na kuna kupona kwa mtumba. Dada yako kapewa cha dukani, kipya, na lebo yake. Mimi niende Upanga nikachague kwenye rundo? Siendi."

Na kweli hakwenda tena. Siku ya kliniki ilipofika, alikunja kadi akaiweka chini ya godoro, akafunga kula mpaka jioni, akalala na njaa na bega lile lile.

*

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Bi Kuruthumu, mwenyeji wa Kariakoo kabla Kariakoo haijawa ghorofa tupu. Mwenyewe hakuwa anasuka. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kikombe cha kahawa, kujua nani kaachwa, na kugawa wateja.

"Truda, mwanangu, huyu wako," alisema, na binti wa kwanza akakaa kwa Adeltruda. "Huyu naye wako. Huyu angoje kidogo, Truda anamalizia."

Winifrida alikaa kwenye kiti chake cha wateja, kitupu, anachambua nywele za bandia. Ndiyo kazi iliyobaki. Anachambua, anamkabidhi wifi yake, wifi anasuka. Kutoka fundi mpaka msaidizi wa mtu aliyemfundisha mwenyewe kushika kitana!

"Winifrida," Bi Kuruthumu alimwita. "Njoo hapa."

"Abee, bi mkubwa."

"Mie nakupenda, hilo walijua. Lakini kiti hakili mapenzi. Nasma wa kule Buguruni kaja mara ngapi kuuliza. Asuka hizi za kisasa zisizo na mafundo, watoto wa siku hizi wazililia."

"Nitapona, bi mkubwa."

"Utapona, inshallah. Lakini Idi ikifika na weye bado wachambua nywele, kiti nampa Nasma. Nakwambia mapema usije sema nimekuvizia."

"Adeltruda ulimwambia hivyo alipokuwa mgonjwa?"

Bi Kuruthumu alimtazama juu mpaka chini. "Truda alipokuwa mgonjwa alikuwa asuka vichwa vya watoto, kakaa chini. Weye ulikataa. Ulisema huwezi kushuka daraja." Akanywa kahawa. "Na wivu huo utakumaliza kabla ya bega. Waonekana mpaka kwenye masikio."

Winifrida alirudi kwenye nywele za bandia. Upande wa pili mteja alikuwa anamwambia Adeltruda, "Dada una mikono jamani!" Neno mikono lilimwasha kama mba. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilikuja limevaa vizuri, kama mawazo mabaya yanavyokuja.

*

Jumapili ya ushuhuda alivaa kitenge kikubwa, akajitanda mpaka magotini. Aliyekutana naye ngazini alidhani ana homa.

"Nani ana ushuhuda?" mchungaji aliuliza.

Winifrida alisimama. Miguu ilitaka kurudi, lakini Adeltruda alikuwa amekaa mstari wa mbele, mstari wa walioponywa, amepewa na kiti chenye mto. Mto ule ulimsukuma Winifrida mpaka madhabahuni.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Bega langu liliganda. Wote mnajua. Leo asubuhi, wakati naswaki..." Hapo alikuwa hajapanga vizuri. "Wakati naswaki, nikasikia joto."

"Yesu!" mtu akalia.

Chini ya kitenge, mkono wa kushoto ulikamata kiwiko cha kulia, ukasukuma. Maumivu yalimpiga mpaka kisogoni. Nje ya kitenge kikatokea kiganja, kisha kifundo, kisha nusu ya mkono, vinapanda kama mhogo unaong'olewa. Alipiga kelele. Watu wakadhani ni furaha.

"Yehova Rafa!"

Viti vikaanguka. Simu zikapanda juu kurekodi, zaidi ya mikono. Mchungaji alimshika begani kwa shangwe, bega lile lile, na Winifrida akapiga kelele ya pili iliyoonekana kuwa na upako zaidi kuliko ya kwanza.

Kanisa zima lilikuwa limesimama isipokuwa mtu mmoja kwenye kiti chenye mto. Adeltruda alikuwa anatazama pale kitenge kilipotuna, upande wa kushoto, pasipokuwa na sababu ya kutuna. Alitazama, akatazama chini, kisha akapiga makofi kama wengine.

Kabla ya chakula cha mchana, video ilikuwa imeshazunguka kila kundi la WhatsApp, la kanisa, la mtaa, mpaka la mafundi wa mageti. Evaristi alikumbatia mke wake mlangoni kwa nguvu zote za fundi. "Wote wawili!" alisema. "Nyumba yangu wote wawili!" Winifrida alikumbatiwa huku anauma ulimi, na kuku wa pili akaingia, na huyu alikuwa wake. Hakuwa na ladha.

*

Video ilifika mpaka kwa Bi Kuruthumu, na Ijumaa bi mkubwa alimpa zawadi.

"Nimekuletea bibi harusi," alisema huku uso umemchanua. "Husna, binti wa Shamsa. Mama yake kasema hataki mwingine, ataka mikono yako. Ati weye huvuti nywele, usukapo mtu asinzia."

Husna alikuwa na nywele kama msitu, na mama yake alikuwa na simu yenye picha ya mtindo: nyembamba, zinazunguka kichwa chote na kupanda utosini kama kikapu. Utosini. Huko ambako mkono wa Winifrida haukuwa umefika tangu masika.

"Shikamoo mama Husna."

"Marahaba mwanangu. Nimeona video. Nimelia! Sisi si dini moja, lakini nimelia."

"Ahsante mama. Husna, shuka chini ukae kwenye mkeka."

"Chini?" Husna aliangalia kiti kilichokuwa kitupu.

"Bibi harusi anasukwa chini. Ndiyo baraka yenyewe."

Mama yake aliipenda hiyo. Mkeka ukatandikwa, Husna akakaa katikati ya magoti ya Winifrida, na kwa muda mambo yakaenda. Kisogoni mkono ulikuwa chini, ukawa kama wa zamani, vidole vinakimbia vyenyewe. Winifrida alianza hata kutamba kidogo, anaimba pambio puani. Alimtazama Adeltruda aliyekuwa amesimama na mteja wake, akafikiri: ona, na mimi naweza.

Kisha akafika masikioni. Kiwiko kikaanza kutetemeka. Akamwambia Husna ainame. Akamwambia ainame zaidi. Husna aliinama mpaka pua ikagusa mkeka.

"Dada, nasali au nasukwa?"

"Vumilia, bibi harusi."

Utosini mkono ulikataa. Ulipanda mpaka usawa wa kidevu ukasimama, kisha ukaanguka wenyewe, kitana kikatoka mkononi kikampiga mama Husna kwenye kidole cha mguu. Nusu ya kichwa ilikuwa kikapu, nusu ilikuwa msitu. Harusi ilikuwa kesho yake. Mlangoni Bi Kuruthumu alikuwa amegeuza shingo, na kikombe kimesimama njiani.

Winifrida alihisi mtu nyuma yake. Mkono ukamshika kiwiko kwa chini, taratibu, ukakiinua.

"Toka," alinong'ona bila kugeuka.

"Suka," Adeltruda alinong'ona.

"Nimesema toka. Hujatosheka?"

"Wifi, suka. Watu wanatuangalia."

"Kulikoni?" mama Husna aliuliza. "Mbona wawili?"

"Mtindo mpya huu mama," Adeltruda alisema, mkavu kama anasema bei. "Utosi wa bibi harusi hausukwi na mtu mmoja."

Winifrida akaonea wivu hata uongo huo. Ulikuwa mzuri kuliko wake wa mswaki. Lakini kiwiko kilikuwa kimeshikwa, kimetulia, na vidole vilikuwa vinafika, vikaanza kusuka kwa sababu vyenyewe havikujua mambo ya wivu. Adeltruda alishika mpaka jasho likamtoka puani. Alipochoka alihamisha miguu, hakuachia. Mteja wake aliyemwacha nusu kichwa alianza kulalamika, akaambiwa na Bi Kuruthumu anywe kahawa.

Husna alipojitazama kwenye kioo alipiga kigelegele mwenyewe, kabla ya mama yake.

Walipoondoka, Bi Kuruthumu alikuja kusimama katikati ya viti viwili. "Mie si mtoto," alisema. "Kile nilichoona kwenye video na kile nilichoona hapa ni vitu viwili. Ya kanisani kwenu siyaingilii. Ila Idi ni ile ile, Winifrida. Na bibi harusi mwingine wa hivi sikuletei, moyo wangu haubebi."

*

Jumamosi jioni ilikuwa darasa. Kanisani kwao ulikuwapo utaratibu: aliyeponywa sharti ahudhurie darasa la Maandiko, afundishwe kuutunza uponyaji wake. Jumapili ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Jumamosi hakuna kinanda, kwa hiyo watu walikuwa wachache, nusu yao wamekuja kukwepa kupika.

Winifrida alikwenda kwa kuwa asingekwenda wangeuliza. Alikaa mbali na wifi yake. Njia nzima kutoka Buguruni hawakuwa wamesemeshana. Adeltruda alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata kaka yake, na Winifrida alikuwa anamchukia kwa hilo pia. Angemsema, wangekuwa sare.

Mwalimu Zefania alikuwa mstaafu aliyefundisha jiografia sekondari, kisha uzeeni akajifunza Kiebrania, na alikuwa anakiongea kama mtu anayetafuna muwa.

"Mnapenda sana kupiga kelele Rafa," alianza. "Nani anajua maana yake?"

"Kuponya!"

"Kuponya, vema. Sasa neno hilo hilo limetumika kwa Eliya kule Karmeli. Alikuta madhabahu ya Bwana imebomolewa, naye akaifanyia rafa. Hebu niambieni, madhabahu unaiponyaje? Unaiwekea mikono?"

Watu wakacheka.

"Alipanga mawe," kijana mmoja akasema.

"Alipanga mawe! Jiwe, jingine, jingine. Moto ulishuka baadaye, tena ghafla, na wote tunaukumbuka moto. Mawe nani anayakumbuka? Lakini Waebrania wameliweka neno la kuponya kwenye mawe."

Adeltruda aliinua mkono, na Winifrida akageuka upande mwingine asiuone. "Mwalimu, mimi wangu ulipanda siku moja. Hiyo siyo rafa?"

"Ni rafa, mwanangu. Mungu hapangiwi. Moto ni wake na mawe ni yake." Mwalimu alifuta miwani. "Sasa, imani. Wao wanasema emuna. Sisi tukisema imani tunafikiria mtu amefumba macho, amekunja uso, anasukuma. Emuna ni kitu kilichosimama imara, hakiyumbi, mtu anaweza kukiegemea. Na mnajua wapi mnalikuta neno hilo? Kwenye mikono ya Musa. Vita na Amaleki. Musa kilimani kainua mikono. Ikipanda, Israeli wanashinda. Ikishuka, wanapigwa. Mikono ikawa mizito. Haruni na Huri wakamkalisha kwenye jiwe, huyu akashika huku, yule akashika huku, mpaka jua likazama. Ndipo Maandiko yanasema mikono yake ikawa emuna. Imara."

Chini, muuza mabegi alikuwa anavuta mlango wake wa chuma.

Winifrida alijikuta amesimama. Hakuwa amepanga. Safari hii hakuwa na kitenge.

"Mwalimu. Huyo Musa ilimuuma?"

"Nadhani sana, mama."

"Na hao wawili, mikono yao ilikuwa mizima?"

"Ilikuwa mizima."

"Hakuwaonea wivu?"

Kicheko kikapita. Mwalimu hakucheka. "Maandiko hayasemi. Lakini alikuwa mtu, na walikuwa kaka yake na jamaa yake. Pengine aliwaonea."

"Na jioni ile alishuka kilimani akatoa ushuhuda kwamba mikono imepona?"

"Hapana, mama. Haikupona. Ilishikwa."

Winifrida alishika kiti cha mbele yake. Kama kuna Jumapili aliyotamani irudi nyuma ni ile. "Basi na mimi sijapona."

"Mama, video..." kijana yule alianza.

"Video ni mkono wa kushoto, uko chini ya kitenge. Nilidanganya. Nilimwonea wivu wifi yangu." Sauti ilianza kumkimbia, akaifukuzia. "Kupona kwake kuliniuma kuliko bega. Ndiyo hivyo. Mwambieni mchungaji, mimi siwezi kwenda kumwambia, nitalia."

Hakuna aliyesema Yehova Rafa. Mama mmoja alisema "Hee!" na kujiziba mdomo. Kijana yule alikuwa ameshaishika simu, halafu akairudisha mfukoni. Mwalimu Zefania alivaa miwani yake.

"Ahsante," alisema. "Kaa, mama. Siku zote hizi darasani kwangu ndio kwanza nasikia ushuhuda."

*

Jumapili hiyo Winifrida alikaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na spika inayokoroma. Wengine walimkwepa ngazini, wengine walimsalimia kwa upole ambao ulikuwa mbaya zaidi. Evaristi, alipoambiwa, alikaa kitandani, akauliza, "Na yule kuku?" Winifrida alimwambia kuku alikuwa wa kweli. Evaristi akacheka peke yake, kicheko cha mtu ambaye angependa kukasirika lakini amechelewa.

Kadi ya kliniki ilitoka chini ya godoro. Jeet hakuuliza alikuwa wapi. Aligusa bega, akatikisa kichwa, akasema tunaanza mwanzo, na akauliza nani wa kumshika nyumbani.

"Yupo," Winifrida alisema, na neno hilo likamtoka kama jino.

Wakaanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, uani, mgongo ukutani, wapangaji wenzao wanapita na ndoo. Adeltruda anashika kiwiko, anapandisha mpaka panapouma, wanangoja, anashusha. Siku za kwanza Winifrida alitukana kila kilichokuwa karibu, pamoja na ndoo. Mkono ulitoka kifuani ukafika shingoni, ukakaa hapo kama umepanga chumba. Idi ilikuwa inakuja. Saluni alikuwa amekubali vichwa vya watoto, amekaa kwenye kigoda, na siku moja Bi Kuruthumu alimletea kikombe cha kahawa bila kuombwa. Nasma naye alikuwa bado anapita kuuliza.

Asubuhi moja mkono ulifika usawa wa sikio. Wote wawili wakauangalia.

"Wifi," Adeltruda alisema, bado amekishika kiwiko, "nikikwambia kitu utanichapa?"

"Kwa mkono upi?"

"Siku ile kanisani. Mimi sikuwa najiombea."

"Ulikuwa unamwombea nani?"

"Wewe. Nilikuwa nimechoka kukusikia unalia bafuni, unafungulia maji tudhani unaoga. Nikafumba macho nikasema, Bwana, inua mkono wa wifi yangu. Nikasikia moto begani. Nikasema, mbona moto uko kwangu? Nafumbua macho, mkono ulio juu ni wangu. Nikakutafuta, nikakuona umeinama, wako uko chini. Watu wakaanza kunirusharusha. Niliona aibu, wifi, kama nimefungua mzigo wa mtu."

Mpangaji alipita na ndoo, akasalimia, hakuna aliyeitika. Wivu ulimpanda Winifrida tangu miguuni, wivu mpya, mnono, ambao ule wa zamani ulikuwa mtoto tu mbele yake.

"Kwa hiyo kupona kule kulikuwa kwangu."

"Nadhani."

"Kumetoka mbinguni mpaka nyumbani kwetu, kukakosea mtu."

"Ndiyo, wifi. Nisamehe."

Winifrida alitaka kulia na kucheka, na kwa kuwa alikuwa amebanwa ukutani na mkono hewani, kilichotoka kilikuwa katikati, na kilimtikisa bega mpaka akauma meno. Adeltruda alitaka kuachia.

"Usiachie! Nani kakwambia uachie?" Alivuta pumzi. Alimtazama wifi yake, kisha akautazama ule mkono uliomshika, mzima, wenye nguvu, umetulia. "Huo mkono ni wangu huo, umeusikia? Mimi ndiye niliyeombewa. Wewe unautunza tu. Basi usikae nao hapo kama pambo. Pandisha."

Adeltruda akapandisha. Iliuma.

"Tena," Winifrida alisema.